CUPS inaanguka kila baada ya dakika chache: kwanza jua ni nani anayekufa

SWALI: Shikamoo fundi. Naendesha duka la mjomba wangu la kuchapisha na fotokopi karibu na Mwembe Tayari, Mombasa. Kompyuta inayobeba printa ni ya zamani, ina RAM ya GB 4 na Debian 12, aina ya Linux. Printa ni mbili, moja ya leza kwa kebo ya USB na nyingine ya wino iliyo kwenye mtandao. Tangu stima ipotee ghafla wiki iliyopita, CUPS, ile programu inayoendesha printa, inaanguka. Nikiiwasha inafanya kazi dakika mbili tatu, kisha inakufa tena. Fundi alikuja akaitoa na kuiweka upya, akawasha logi za kina, wala haikusaidia. Halafu kuna asubuhi nyingine laptopu za wateja haziioni printa kabisa, ingawa sioni kosa popote. Hilo la asubuhi lilikuwako hata kabla ya stima kupotea. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako ina matatizo mawili, nawe umeyafunga katika furushi moja. La kwanza ni huduma inayoanguka. La pili ni printa isiyoonekana asubuhi bila kosa lolote kuandikwa, na hilo si ugonjwa. Nianze na hilo la pili kwa sababu ni jepesi, na likiondoka litatupunguzia kelele.

Kwenye Debian, CUPS huendeshwa chini ya systemd, msimamizi wa huduma zote za mfumo, kwa mtindo wa kuamshwa inapohitajika. Ikikaa bila kazi kwenye foleni, bila mteja aliyeunganishwa na bila printa iliyotangazwa kwenye mtandao, basi cupsd, programu kuu ya CUPS, hujizima yenyewe. Muda wa kungoja unaitwa IdleExitTimeout, na usipoubadilisha ni sekunde 60. Kwenye logi utakuta maneno ya amani kabisa:

cups.service: Deactivated successfully.

Ukiwa umekaa kwenye kompyuta hiyo hiyo hutagundua lolote, kwa sababu programu inayotaka kuchapisha hubisha kwenye soketi (mlango wa ndani ya kompyuta) ya /run/cups/cups.sock na systemd huiamsha CUPS papo hapo. Laptopu ya mteja haipiti hapo. Yenyewe huja kwa mtandao, mlango namba 631, na soketi ya kuamshia kwa kawaida haisikilizi mlango huo. Kwa hiyo asubuhi, kabla hujachapisha kitu mwenyewe, mteja anabisha kwenye nyumba ambayo mwenyewe amelala na hakuna wa kumwamsha. Fungua /etc/cups/cupsd.conf, weka mstari huu (kama IdleExitTimeout imo tayari, badilisha namba yake tu), kisha uwashe huduma upya:

IdleExitTimeout 0

Sifuri maana yake usilale. Hilo limekwisha.

Sasa tuje kwenye kuanguka. Ombi langu la kwanza ni kwamba uache kuiwasha tena na tena. Kila unapoiwasha, CUPS husoma foleni iliyobaki kwenye diski na kujaribu kumalizia kazi zile zile. Kama mojawapo ndiyo inayoiangusha, unaipa nafasi ya kuiangusha tena, na systemd ikichoka itakujibu "Start request repeated too quickly". Kawaida yake ni kukubali majaribio 5 ndani ya sekunde 10, halafu inakataa. Ukishafika hapo, amri ya systemctl reset-failed cups hufuta hesabu hiyo, lakini haitibu kitu.

Fundi wako alikosea mlango, ingawa si yeye peke yake. Kuitoa CUPS kwa apt remove na kuiweka upya hubadilisha programu, na programu mara nyingi haina kosa. Foleni iliyo /var/spool/cups hubaki ilivyokuwa. Mipangilio iliyo /etc/cups pia hubaki. Kama uchafu uko huko, programu mpya inarithi uchafu ule ule.

Kabla ya kugusa chochote, lazima ujue ni nani anayekufa. Mtu akisema "CUPS imekufa" anaweza kuwa anazungumzia vitu vitatu tofauti. Kuna cupsd yenyewe, ambayo ni kama karani wa bandarini Kilindini: inapokea karatasi, inapanga foleni na kugawa kazi. Kuna vibarua wake, yaani filta zinazogeuza PDF kuwa lugha ya printa na zile programu zinazopeleka data hadi kwenye kebo au mtandao. Na kuna jirani anayeitwa cups-browsed, ambaye kazi yake ni kutafuta printa zilizotangazwa mtandaoni. Kibarua akizimia, karani habanduki mezani. Yeye huandika tu kwamba kazi imeshindikana, na mara nyingi huisimamisha printa hiyo mpaka uiruhusu tena kwa cupsenable. Mteja akiona printa imesimama atasema huduma imekufa, kumbe huduma iko hai.

Basi ikianguka tena, usiiwashe. Andika hivi:

sudo systemctl status cups.service
sudo journalctl -u cups -b --no-pager | tail -40
sudo tail -60 /var/log/cups/error_log

Katika amri ya pili, tafuta mstari unaoanza na "Main process exited". Maneno yanayofuata ndiyo hati ya kifo. Ukikuta code=dumped, status=11/SEGV, cupsd imegusa sehemu ya memori isiyo yake na mfumo umeiua. Ukikuta status=6/ABRT, yenyewe au maktaba inayoitumia imegundua kwamba memori imeharibika ikaamua kujiua. Ukikuta code=exited na namba isiyo sifuri, kwa kawaida imekataa kuanza, na hapo angalia kwanza mipangilio kwa amri ya sudo /usr/sbin/cupsd -t, ambayo husoma cupsd.conf na kukuonyesha mstari ulioandikwa vibaya. Ukikuta 'oom-kill', yaani imeuawa kwa kukosa memori, nenda moja kwa moja kwenye habari ya RAM hapa chini.

Na kama cupsd haijafa kabisa, lakini error_log ina maneno kama haya:

[Job 412] Job stopped due to filter errors

au haya:

PID 2231 (/usr/lib/cups/filter/...) crashed on signal 11.

basi aliyekufa ni filta, na jina lake umeshaandikiwa ndani ya mabano. Hilo ni tatizo la dreva au la faili moja ya mteja, na dawa yake ni tofauti.

Kwa dalili ulizoeleza, yaani lilianza baada ya stima kukatika, huduma huishi dakika mbili tatu, na kuweka upya hakukusaidia, mimi naweka dau langu kwenye faili zilizoharibika wakati umeme ulipokatika. Hebu tulifuatilie hilo kwa makini.

CUPS huandika hali yake kwenye faili kadhaa kila mara: printers.conf na subscriptions.conf ndani ya /etc/cups, job.cache ndani ya /var/cache/cups, na foleni yenyewe ndani ya /var/spool/cups. Kwenye foleni kila kazi ina faili ya maelezo inayoanza na herufi c, tuseme c00412, na hati yenyewe inayoanza na d, kama d00412-001. Stima ikikatika katikati ya kuandika, faili inaweza kubaki tupu, au ikabaki na urefu wake lakini imejaa sifuri tupu ndani. CUPS imejitahidi kujikinga. Huandika kwanza faili mpya yenye mwisho wa .N, kisha huiita ile ya zamani .O na kuipa mpya jina rasmi. Ndiyo maana ukitazama /etc/cups utakuta printers.conf.O. Lakini kuna jambo watu wengi hawalijui: CUPS ilivyo hailazimishi data ifike kwenye sahani ya diski kabla ya kubadilisha majina. Mpangilio huo unaitwa SyncOnClose, umo katika /etc/cups/cups-files.conf, na kawaida yake ni No. Mahali ambapo umeme haukatiki ovyo, No ni sawa. Duka la Mwembe Tayari lisilo na UPS, ile betri ya akiba, lahitaji Yes. Weka leo.

Sasa usafishaji. Zima kila kitu, pamoja na soketi na kile kinacholinda njia, la sivyo systemd itaifufua CUPS mikononi mwako:

sudo systemctl stop cups.path cups.socket cups.service cups-browsed

Kama cups-browsed haimo kwenye kompyuta yako, systemd italalamika kwamba haiijui. Ipuuze.

Tafuta faili tupu:

sudo find /etc/cups /var/cache/cups /var/spool/cups -type f -size 0 -ls

Ukiiona faili ya /var/cache/cups/org.cups.cupsd, iache, hiyo ni tupu kwa asili yake. Nyingine yoyote itilie shaka. Kama printers.conf ndiyo tupu, nakili printers.conf.O mahali pake, ila hakikisha kwanza kwa amri ya less kwamba hiyo nayo ina majina ya printa zako. Usihariri printers.conf huku cupsd inaendesha, kwa sababu itaandika juu ya kazi yako bila kukuuliza. Faili ya subscriptions.conf waweza kuihamisha bila majuto. Ina orodha ya programu zilizoomba kuarifiwa, nazo zitaomba tena. Hata job.cache iondoe, maana CUPS huijenga upya kwa kusoma foleni.

Kisha hamisha foleni yenyewe, usiifute:

sudo mkdir -m 700 /root/foleni
sudo sh -c 'mv /var/spool/cups/c* /var/spool/cups/d* /root/foleni/'
sudo mv /var/cache/cups/job.cache /root/foleni/
sudo systemctl start cups.socket cups.path cups.service

Utaona nimetumia sh -c kwenye mstari wa pili. Saraka hiyo haisomeki na mtumiaji wa kawaida, kwa hiyo ukiandika sudo mv peke yake, nyota inatafsiriwa kabla ya sudo kupata nguvu, na utaambiwa hakuna faili kama hizo. Watu hudhani foleni ni tupu wakaendelea na safari.

Sasa subiri dakika kumi. Chapisha ukurasa mmoja wa maandishi. Kama huduma imetulia, mkosaji alikuwa ndani ya furushi ulilohamisha. Unaweza kuishia hapo, ukawaambia wateja walete kazi zao upya. Mimi ningetaka kujua ni ipi, kwa sababu faili hiyo mteja anaweza kuileta tena kesho kwenye flashi. Zima tena huduma zote, rudisha nusu ya kazi, c pamoja na d zake, kwa mv ili umiliki wa faili usibadilike, kisha uwashe. Ikianguka, mkosaji yumo kwenye nusu hiyo. Isipoanguka, yumo kwenye nusu nyingine. Endelea kugawa hivyo hivyo. Hata foleni ya kazi 60 inakwisha kwa raundi sita.

Ukimpata, soma faili ya maelezo kwa amri ya sudo strings /root/foleni/c00412. Utaona jina la hati, aliyeituma na aina yake. Mara nyingi hapo utamtambua mteja bila hata kufungua hati.

Na hapo nisimame kidogo. Faili za d ni hati za watu: nakala za vitambulisho, vyeti vya KRA, barua za hospitali, karatasi za mawakala wa bandari. CUPS isipoelekezwa vingine huhifadhi hati siku nzima baada ya kuchapishwa, sekunde 86400. Kwa duka linalohudumia umma mimi naona huo ni uzembe. Weka PreserveJobFiles No kwenye cupsd.conf, hati ifutwe ikishachapwa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na mwenye duka hawezi kujitetea kwamba ni kompyuta ndiyo iliyohifadhi. Ukimaliza uchunguzi, futa na ile /root/foleni.

Tuseme umehamisha foleni na bado inaanguka. Tazama basi logi za kina alizowasha fundi. Angalia toleo lako:

apt policy cups-daemon

Debian 12 ina CUPS 2.4.2. Matoleo ya 2.4.2 na ya nyuma yake yalikuwa na hitilafu katika sehemu inayopanga mistari ya logi, iliyojulikana kama CVE-2023-32324 (CVE ni namba ya usajili wa mianya ya usalama). Cupsd ingeweza kuangushwa hasa pale LogLevel, yaani kiwango cha logi, ikiwa debug (ya kina). Ilitengenezwa katika 2.4.3. Kisha likaja lingine, CVE-2023-34241, lililotengenezwa katika 2.4.6, ambapo cupsd iliandika kwenye logi habari za mteja ambaye muunganisho wake umeshafungwa na memori yake kuachiliwa. Yaani kitu kilichokusudiwa kukuonyesha kosa kinaweza kuwa chenyewe ndilo kosa. Sisemi ndicho kilichokupata, maana kwako kuanguka kulianza kabla ya logi kuongezwa. Lakini kinaweza kuwa kimelipalilia tatizo.

Usishtuke kuona namba 2.4.2. Debian hairukii toleo jipya. Hurekebisha lile la zamani na kuongeza alama mwishoni, kitu kama +deb12u na namba. Ukiona alama hiyo, umepata viraka. Usipoiona, kompyuta haijasasishwa tangu iwekwe, na hilo nalifahamu, bando za intaneti si bure. Sasisha hata hivyo, walau CUPS na jamaa zake. Halafu rudisha logi katika hali ya kawaida kwa sudo cupsctl --no-debug-logging. Logi za kina zina nafasi yake: ziwashe ukiwa umekaa mbele ya kompyuta unatafuta jambo, zizime ukimaliza.

Kwa kuwa tumegusa matoleo, jihadhari na ushauri unaoukuta mtandaoni. CUPS ilitungwa na Michael Sweet, ikatolewa mara ya kwanza 1999, na Apple wakainunua 2007. Tangu 2020 inayotumika kwenye Linux inaendelezwa na OpenPrinting, na mfululizo wa 2.4 ni wao. Kwa hiyo maelekezo ya mtu wa Mac ya miaka ya nyuma yanaweza kuwa sahihi kwake na yakakupotosha wewe. Hata njia za faili hazifanani. Rafiki yako mwenye FreeBSD atakuta mipangilio yake ndani ya /usr/local/etc/cups.

Jirani wetu cups-browsed naye hana sifa nzuri. Septemba 2024 Simone Margaritelli alitangaza mlolongo wa mianya, ambapo cups-browsed iliyokuwa ikisikiliza mlango 631 wa UDP ilikubali tangazo la printa kutoka kwa yeyote, na mwisho wake mgeni akaweza kuendesha amri kwenye kompyuta yako. Nambari yake ni CVE-2024-47176 na wenzake. Ukiacha hatari hiyo, duka lenye printa mbili zilizokwisha wekwa halina haja nayo. Inahangaika kutafuta printa za majirani na kuziongeza na kuzifuta kwenye orodha yako. Izime moja kwa moja:

sudo systemctl disable --now cups-browsed

Kama printa ya wino ilijiongeza yenyewe kupitia huyo jirani, itatoweka kwenye orodha. Iongeze kwa mkono ukitumia anwani yake ya mtandao, na kwenye ruta uifungie anwani hiyo isibadilike.

Sasa RAM, ambayo kwa GB 4 lazima tuizungumze. Ukurasa mmoja wa A4 wa rangi kwa nukta 600 kwa inchi, ukifunguliwa kuwa picha isiyobanwa, ni karibu MB 104. Kwa nukta 1200 ni karibu MB 417. Mteja akileta bango lililotengenezwa kwa simu, lenye tabaka na vivuli vya uwazi, filta inaweza kumeza memori yote iliyobaki. Kernel, kiini cha mfumo, huiua ile filta, na hilo lingekuwa dogo. Lakini systemd ina desturi yake: ikiona mchakato mmoja wa huduma umeuawa kwa kukosa memori, husimamisha huduma nzima. Logi itasema:

cups.service: A process of this unit has been killed by the OOM killer.

Karani anafukuzwa kwa kosa la kibarua. Kisha huduma ikiwashwa tena, kazi ile ile inajaribiwa tena, na ngoma inaanza upya baada ya dakika mbili tatu. Unaona jinsi dalili hii inavyofanana na yako? Ndiyo maana nimesisitiza usome hati ya kifo kabla ya kuamini dau langu. Kama ndilo, andika sudo systemctl edit cups.service na uweke:

[Service]
OOMPolicy=continue

Sasa filta ikiuawa, inakufa peke yake na CUPS inabaki. Halafu zuia kazi iliyoshindikana isisimamishe printa wala kurudiwa milele:

sudo lpadmin -p jina_la_printa -o printer-error-policy=abort-job

Kwa duka la wateja wengi hiyo ndiyo sera bora. Mmoja akileta faili mbovu, wa nyuma yake wasikae kungoja.

Kama aliyekufa ni filta lakini si kwa memori, unaweza kumjaribu nje ya CUPS kabisa bila kupoteza karatasi:

/usr/sbin/cupsfilter -p /etc/cups/ppd/jina_la_printa.ppd -m printer/foo -e bango.pdf > /tmp/matokeo

Huenda ukahitaji sudo ili isome hiyo PPD, yaani faili ya maelezo ya printa. Usimsahau yule foo, si kosa la uchapaji, ndivyo amri inavyotaka. Ikianguka hapa, tatizo ni faili au dreva. Ipitishe ile PDF kwenye pdftocairo -pdf bango.pdf safi.pdf, chombo kinachoiandika upya, kisha ujaribu safi.pdf. Ikipita, faili ilikuwa mbovu. Isipopita, na hata ukurasa mtupu haupiti, shika dreva. Dreva zinazotolewa na watengenezaji wa printa, hasa za zamani, mara nyingi ni za biti 32 na hukosa maktaba zake kwenye mfumo wa biti 64. Logi hapo husema faili haipo, nawe unaiona ipo kwa macho yako. Kinachokosekana si faili hiyo, ni kile inachokitegemea. Amri ya ldd juu ya filta hiyo itakuonyesha, na ikisema hiyo si programu inayotekelezeka ya kawaida, jua ni hiyo ya biti 32 na uweke maktaba za aina hiyo.

Limebaki jambo la chuma, na kwa Mombasa siwezi kuliruka. Ikiwa cupsd inaanguka kwa SEGV, foleni umeihamisha, programu umesasisha, basi weka kifurushi cha systemd-coredump, kinachohifadhi picha ya memori ya programu inapoanguka, ngoja ianguke mara kadhaa, kisha tazama:

sudo coredumpctl list
sudo coredumpctl info cupsd

Linganisha orodha za maeneo ilipoangukia. Ikianguka mahali pale pale kila mara, ni kosa la programu au la data. Ikianguka leo hapa kesho pale, na kwenye orodha ukiona hata kivinjari na programu nyingine zinakufa, mshuku RAM, diski au pawa saplai. Hewa yetu ina chumvi na unyevunyevu, na kompyuta iliyowekwa karibu na mlango unaofunguka barabarani huipata yote. Miguu ya RAM huota utando. Zima kompyuta, chomoa kebo ya umeme, toa vipande vya RAM, sugua ile sehemu ya dhahabu kwa ufutio mweupe wa shule polepole mpaka ing'ae, pangusa vumbi la ufutio, rudisha mpaka vibano vilie. Kisha endesha memtest86+, programu ya kupima RAM, usiku kucha. Mstari mmoja mwekundu unatosha kuihukumu RAM hiyo. Diski nayo ipime kwa smartctl -a, uangalie idadi ya sekta zilizohamishwa, na faili za programu kwa sudo debsums -s cups-daemon libcups2. Amri hiyo ya mwisho ikinyamaza, faili hizo ni salama.

Karatasi zilizonyonya unyevu na kukwama ndani ya printa ni kero nyingine, lakini haziangushi cupsd. Usimruhusu fundi akuuzie rola kwa tatizo hili.

Kwa mpangilio wa kazi, mimi ningeanza na IdleExitTimeout na SyncOnClose kwa sababu ni mistari miwili, kisha nisome ile "Main process exited", na kuanzia hapo nifuate inakoelekeza. UPS ndogo ya kuishika kompyuta dakika kumi, uizime kwa utaratibu, inunueni hata kama ni baada ya mwezi. Usiichomeke printa ya leza kwenye UPS hiyo. Kile kipashajoto chake huvuta umeme mwingi kwa mkupuo, na UPS ndogo hulemewa.

Ikiwa bado itaanguka, niandikie tena ukinitumia mistari 40 ya journalctl, toleo kutoka apt policy na yale matokeo ya coredumpctl info. Majina ya wateja kwenye mistari hiyo yafute kwanza. Faili za d usinitumie.